PrEP kwa dada wa kazi za usiku Dar es Salaam: namna ya kuipata, kuimeza na kuendelea nayo

Mwongozo huu wa PrEP, kidonge cha kujikinga na VVU, nimemwandikia dada anayefanya biashara ya ngono Dar es Salaam: anayesimama barabarani Sinza, mwenye chumba Manzese, anayehudumia baa Buguruni au Temeke na kuondoka na mteja, na yule anayepanga kila kitu kwa simu akiwa kwake Kinondoni. Waelimishaji rika na wauguzi nao wasome, kwa sababu mengi yanayomfanya dada aache dawa yako mikononi mwao kuliko mikononi mwake.

Utafiti uliofanyika jijini mwaka 2010 ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu wanaofanya biashara hii ana VVU. Kitaifa, utafiti wa kaya wa 2022-2023 ulionyesha asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Pengo hilo linatokana na wingi wa wateja, na mteja anayeongeza hela ili kondomu ikae pembeni, na bwana wa nyumbani asiyetaka hata kuisikia, na usiku ambao mtu anakutumia nguvu. Kote huko kondomu inasubiri mwanaume akubali. PrEP haimsubiri. Unaimeza mwenyewe, kwa saa yako, kabla hajafika.

Dawa yenyewe

Ni kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir pamoja na emtrisitabini au lamivudini. Kinamezwa na mtu ambaye hana VVU. Kirusi kikiingia mwilini kinakuta dawa imeshatangulia ndani ya chembe za damu, kinashindwa kuzaliana na kinakufa kabla hakijaweka makazi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hii kwa watu walio kwenye hatari kubwa mwaka 2015, na hapa Tanzania imo katika huduma za serikali bila malipo.

Inafanya kazi ukiimeza tu. Utafiti mmoja uliowahusisha wanawake zaidi ya 2,000 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, Arusha ikiwa kituo kimojawapo, ulisimamishwa mwaka 2011 kwa sababu waliopewa dawa waliambukizwa karibu sawa na waliopewa kidonge kitupu. Damu zao zilipochunguzwa, ilionekana chini ya asilimia 40 ndio waliokuwa wakimeza. Mwingine uliofanyika Kenya na Uganda kwa wenza ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana ulionyesha kinga ya asilimia 75, na kwa waliokutwa na dawa kwenye damu ikafika asilimia 90. Dawa ni ileile. Kilichotofautiana ni kumeza.

PrEP haizuii kaswende, kisonono wala mimba. Kondomu inabaki kazini pale unapoweza kuitumia, pamoja na vilainishi vya maji. Vaseline na mafuta ya nazi hupasua kondomu ya mpira.

Hatua ya kwanza: hesabu saa 72

Kabla ya kufikiria PrEP, jiulize kama ndani ya siku tatu zilizopita kondomu ilipasuka, ulifanya bila kondomu, au ulibakwa. Kama jibu ni ndiyo, leo hii unahitaji PEP. Ni dawa ya dharura inayoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Kadiri unavyowahi ndivyo inavyosaidia zaidi, kwa hiyo usisubiri Jumatatu. Hospitali kubwa za mkoa zina huduma ya dharura usiku na mchana: Mwananyamala kwa watu wa Kinondoni, Amana kwa Ilala, Temeke kwa Temeke.

Kama ulibakwa, nenda hospitali kwanza. PF3, fomu ya polisi, itafuata. Muuguzi akikuambia anza polisi, mwambie kwa upole lakini bila kurudi nyuma kwamba saa zinakwenda na unataka PEP sasa. Uliza pia kama hospitali ina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi wa dawati la jinsia na ustawi wa jamii hukaa sehemu moja.

Ukimaliza siku 28 za PEP na ukapima ukawa huna maambukizi, unaingia PrEP moja kwa moja, bila kuacha siku katikati.

Hatua ya pili: chagua kituo unachoweza kurudi

Hapa ndipo wengi wanapokosea njia bila kujua. Dada anaandikishwa na timu ya mkoba, yaani wahudumu wanaowafuata watu walipo, iliyopita kijiweni usiku, anapewa kopo, anafurahi. Mwezi unaisha, timu haijarudi, naye hajui aende wapi.

Kwa hiyo hata ukianzia kwenye huduma ya mkoba, siku hiyohiyo uliza majina ya vituo viwili vya kudumu unavyoweza kuchukulia dawa: kimoja karibu na kazi, kingine karibu na unapolala. Hili limekuwa muhimu zaidi tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Waraka wa Februari mwaka huo ulipofungulia sehemu ya huduma za VVU, PrEP ya fedha hizo iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Dada aliyekuwa na mlango mmoja tu wa kuchukulia dawa ndiye aliyeumia zaidi. Kuwa na milango miwili.

Kama hujui pa kuanzia, piga 199, simu ya Wizara ya Afya isiyotozwa hela, uliza kituo cha karibu kinachotoa PrEP. Huna haja ya kutaja kazi yako.

Dawa hizi mara nyingi hutolewa kliniki ya CTC, wanakohudumiwa pia wanaoishi na VVU. Wengi wanaogopa benchi hilo: jirani akikuona pale, jioni mtaa mzima una habari. Hofu hiyo ina msingi na haifai kuchekwa. Unaweza kuuliza kama kuna siku au chumba tofauti, au kama unaweza kuhudumiwa kliniki ya uzazi wa mpango. Unaweza kwenda na mwelimishaji rika anayefahamiana na wahudumu, akaingia mbele akakupangia. Au chagua kituo cha wilaya nyingine: mtu wa Tandika hajulikani Sinza Palestina. Nauli itaongezeka, utulivu nao pia.

Hatua ya tatu: siku ya kwanza

Nenda umekula na umelala kidogo. Ukienda moja kwa moja kutoka kazini, pombe haijaisha kichwani, utasikia nusu ya maelezo.

Utapimwa VVU kwa tone la damu la kidoleni, majibu yanatoka palepale. Hatua hii hairukwi kwa sababu yoyote. Dawa mbili za PrEP hazitoshi kumtibu mwenye VVU, na akizimeza peke yake kirusi kinaweza kujifunza kuzishinda. Kama wiki chache zilizopita ulipata homa, vipele, koo kuuma na mitoki, sema. Maambukizi mapya kabisa yanaweza yasionekane kwenye kipimo, na mhudumu anaweza kukuambia urudi upime tena kabla hujaanza.

Majibu yakionyesha una VVU, hujafukuzwa. Unaanza ARV, na ukizimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mtu kwa ngono na unaweza kuzaa mtoto asiye na VVU.

Utaulizwa pia kuhusu figo, na pengine utapimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Taja kisukari, presha, na dawa za maumivu unazonunua dukani. Diklofenaki inauzwa kila kona ya Dar, na wengi wanaimeza kila siku kwa ajili ya mgongo na miguu. Kuimeza kwa wingi pamoja na tenofovir kunaweza kuumiza figo, kwa hiyo omba ushauri wa dawa nyingine. Omba na kipimo cha homa ya ini aina ya B. Tenofovir inaikandamiza, na aliye nayo akiacha PrEP kiholela, ini linaweza kuvimba ghafla. Kama huna homa hiyo, uliza chanjo.

Mimba na kunyonyesha havizuii PrEP. Sindano, kipandikizi na vidonge vya majira vinaendelea kama kawaida, wala havigombani nayo.

Je, useme unafanya kazi gani? Ukisema kwa mhudumu unayemwamini, utapimwa magonjwa ya zinaa vizuri zaidi na utapewa kondomu za kutosha. Ukiona uso wake hauna heri, sema tu: "Nina wapenzi zaidi ya mmoja na sijui hali zao." Sababu hiyo inajitosheleza. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu yako, na mhudumu anayeyatangaza anavunja sheria.

Usiondoke bila kujua mambo matatu: tarehe ya kurudi, namba ya simu ya mtu wa kuuliza, na nini ufanye ukisafiri.

Hatua ya nne: siku saba za mwanzo

Kwa mwanamke, meza siku saba mfululizo ndipo uhesabu kinga imekamilika. Ndani ya wiki hiyo kondomu kila mara. Ukiweza kupunguza wateja, punguza. Kama huwezi, shikilia kondomu na wale unaowamudu.

Kuna utaratibu wa kumeza viwili kabla ya tendo na kimoja kimoja baadaye, na habari zake zinatembea sana mitandaoni. Huo ni wa wanaume. Dawa hujikusanya kidogo na taratibu zaidi kwenye uke, ndiyo maana mwanamke anahitaji kidonge kila siku.

Baadhi ya watu hupata kichefuchefu, kichwa kuuma, tumbo kujaa gesi au kuharisha kidogo. Mara nyingi huisha ndani ya wiki chache. Kula kitu kabla ya kumeza. Chapati na chai ya rangi vinatosha. Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, meza kingine. Ukiona macho ya njano, vipele vinavyosambaa, au kutapika kusikokoma, rudi kituoni.

Nawaomba wahudumu hapa: mwambieni dada habari ya kichefuchefu kabla hajaondoka. Asiyeambiwa anadhani dawa inamdhuru, au ana mimba, na siku ya nne anaacha kimyakimya.

Hatua ya tano: kuipangia dawa nafasi kwenye maisha ya usiku

Maelekezo mengi yanasema "meza kila asubuhi". Asubuhi yako ni ya nani? Ukifika nyumbani saa kumi na moja alfajiri, miguu inawaka, kidonge ni kitu cha mwisho kukikumbuka. Tafuta saa ambayo huwa upo kwako, umeamka na hujanywa. Kwa wengi ni saa nane mchana, chakula cha kwanza cha siku. Wengine hupenda saa kumi na mbili jioni, kabla ya kujiremba. Saa yoyote inafaa mradi ni ileile.

Fungamanisha kidonge na jambo usiloliacha. Kiweke kwenye mfuko wa vipodozi, chini ya wanja, uwe hushiki wanja bila kukiona. Tega alamu ya simu na uiandike "nunua vocha" au "mpigie mama", ili atakayeshika simu yako asione kitu.

Pombe haiharibu PrEP. Kuna imani kali vijiweni kwamba ukinywa bia usimeze, na matokeo yake mtu anaacha dawa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, siku zenye wateja wengi kuliko zote. Umekunywa? Meza. Bora zaidi, meza kabla hujaanza kunywa, maana pombe inaiba kumbukumbu.

Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Kama saa ya kidonge kinachofuata imeshafika, meza kimoja tu na uendelee. Usimeze viwili kwa mpigo kufidia.

Beba akiba ya vidonge viwili au vitatu kwenye pochi kila unapotoka. Msako ukipita na karandinga ikakubeba, unaweza kukaa mahabusu siku mbili. Biashara hii ni kosa kwa sheria zetu, lakini kuwa na dawa uliyopewa kituoni si kosa. Ukitoka, endelea na kidonge siku hiyohiyo.

Tafuta mwenzako wa kukumbushana. Wanawake wengi wa biashara hii tayari wana vikoba vyao, wanaochangishana hela kila wiki wanaweza pia kuulizana "umemeza?" Chuo Kikuu cha Muhimbili kiliwahi kuwajaribia wanawake wa Dar programu ya simu iitwayo Jichunge, yenye kukumbusha kumeza na nafasi ya kumuuliza daktari. Programu inasaidia, lakini naamini zaidi katika rafiki wa chumba cha pili, ambaye hahitaji bando.

Kopo

Kopo linastahili sehemu yake, kwa sababu limewaachisha dawa wanawake wengi. Linafanana na la ARV, na ukitembea nalo linalia kama kayamba. Mama mwenye nyumba akiliona, habari imeisha. Mteja akilikuta kwenye mkoba, anaweza kukupiga akidhani umemwambukiza.

Bandua karatasi ya nje mara tu unapofika nyumbani. Weka pamba juu ya vidonge ili visilie, na acha kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu humo ndani. Hamishia vidonge vya wiki moja tu kwenye kikopo kingine kikavu chenye mfuniko, na kopo kubwa libaki mbali na joto na maji. Dirisha linalopigwa na jua na bafu la pamoja havifai.

Bwana wa nyumbani ni suala gumu zaidi. Ndiye ambaye kondomu huachwa naye mapema kwa jina la mapenzi, na ndiye anayeuliza "hivi vidonge vya nini?" Kama ni mtu wa kuelewa, mweleze kwamba ni kinga na hazitolewi kwa mwenye VVU. Mchukue mkapime pamoja kama atakubali. Kama ni mtu wa ngumi, hulazimiki kumwambia. Acha kopo kwa rafiki au dada yako na ubebe vichache. Usalama wako unatangulia.

Jambo moja nalisema kwa uzito: usiazime vidonge vya mwenzako anayetumia ARV, wala usimgawie vyako. ARV nyingi za sasa zina dawa ya tatu isiyokuhusu, unaanza bila kupima, na yeye anabaki na pengo kwenye matibabu yake.

Hatua ya sita: kurudi

Rudi baada ya mwezi mmoja, kisha kila miezi mitatu. Mwezi wa kwanza ndio unaowapoteza wengi. Usingoje kopo liishe. Vikibaki vidonge saba, panga safari. Kila ukirudi unapimwa VVU tena. Omba upimwe na kaswende na magonjwa mengine ya zinaa hata kama huna dalili, maana kwa wanawake mengi hukaa kimya. Uliza pia uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, umalize yote kwa nauli moja.

Ukisafiri kwenda Mwanza au Dodoma kufuata wateja, omba dawa za miezi mitatu. Ukiwa huko na zimeisha, ingia kituo chochote kinachotoa PrEP na useme tarehe uliyoanza.

Umekosa siku nyingi? Usiogope kurudi. Kama ulifanya bila kondomu ndani ya saa 72, sema ili upewe PEP. Kama zimepita, pima, anza upya, na hesabu tena siku saba. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu kujipima mwenyewe, na kifaa cha mate kinaweza kukusaidia ukiwa na wasiwasi nyumbani. Lakini majibu yake hayatoshi kuanzisha PrEP. Nenda upimwe na mhudumu.

Kwa wanaotoa huduma

Fungueni jioni, hata mara moja kwa wiki. Kliniki ya saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu inamkosa mtu aliyelala saa kumi na mbili alfajiri. Mkipewa ruhusa, mpeni dawa za miezi mitatu aliyeonyesha anarudi. Msimwite kwa sauti "wa PrEP" mbele ya foleni. Na akirudi baada ya kupotea miezi minne, swali la kwanza liwe "nini kilikukwamisha?" Akianza kwa kugombezwa, hamtamwona tena.

Hatua ya saba: kuacha, au kubadilisha

PrEP si ya maisha. Ukiacha biashara, au ukatulia na mwenza mliyepima pamoja, unaweza kuacha. Endelea kumeza angalau siku saba baada ya tendo la mwisho lenye hatari, na muulize mhudumu wako kwanza, kwa sababu vituo vingine vinafuata muda wa siku 28. Mwenye homa ya ini B asiache bila daktari.

Pia kuna sindano. Ya cabotegravir huchomwa kila baada ya miezi miwili. Ya lenacapavir huchomwa mara mbili kwa mwaka: katika utafiti wa Afrika Kusini na Uganda uliotangazwa 2024, kati ya wanawake 2,134 waliochomwa hakuna aliyeambukizwa, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Julai 2025. Kwa mtu anayeficha kopo kila siku, hiyo ni habari kubwa. Kila unapokwenda kuchukua vidonge, uliza kama sindano imefika kituoni kwako, na uombe jina lako liandikwe miongoni mwa wanaoitaka. Mpaka siku hiyo, endelea na kidonge chako cha kila siku.